Samaki Aliyevaa Koti

Kwetu Butiama, miaka ya 1980, mtoto hakuchangia mazungumzo ya wakubwa. Alisalimia, akaleta maji ya kunawa, akatoka. Kwa hiyo neno la kuchekesha likimponyoka mbele ya mgeni, wakubwa walijifanya viziwi. Mdogo wangu, kabla hajaanza shule, alimwona mjomba mmoja wa mbali akichota kwenye bakuli la kuku, akamwambia kwa upole kabisa, "Mjomba, rudisha firigisi. Baba bado hajarudi." Mama alimkata jicho. Mjomba akaendelea kutafuna. Mgeni alipokwisha kusindikizwa ndipo tulipomsikia mama nyuma ya nyumba, anacheka peke yake huku amejishika mbavu.

Bibi hakucheka siku hiyo, lakini neno hakuliacha lipotee. Miezi ikipita, wanawake wakikusanyika kumenya mihogo, alilitoa. Alisimulia kwa Kizanaki tangu mwanzo: mgeni alivyoingia, alivyoketi, kuku alikuwa wa rangi gani. Akifika kwenye kauli ya mtoto alihamia Kiswahili, akaisema kama ilivyotoka, kwa sauti ileile nyembamba. Nimewasikia waigizaji wengi redioni. Hakuna aliyemfikia.

Miaka ya 1990 baba alihamia Musoma, nasi tukamfuata. Ilikuwa zama za sangara. Samaki huyu alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia wakati wetu viwanda vilikuwa vikimnunua kwa wingi. Minofu ilikwenda Ulaya. Kichwa na mgongo uliobaki, yaani mapanki, vilikaangwa na kuuzwa mitaani, na ndivyo tulivyonunua sisi. Binamu yangu mdogo alikulia kwenye mapanki. Siku mama alipompeleka ufukweni Mwigobero, akamwona sangara mzima juu ya mizani, alirudi nyuma hatua moja. "Mama, huyu samaki amevaa koti!"

Wachuuzi walicheka, mama akacheka nao. Mimi bado naona kwamba yule mtoto alieleza biashara nzima ya ziwa letu vizuri kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia. Binamu sasa ni baba wa watoto, na nyumbani bado tunamwita Koti. Anaitika.

Kisha ikaja Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14, akazikwa kwao Mwitongo, hapo hapo Butiama, tarehe 23. Kijiji kilijaa magari, askari, na watu tuliozoea kuwasikia redioni tu. Nyumba yetu ya kijijini, kama nyingine, ilipokea waombolezaji wasio na pa kulala. Usiku huo, katikati ya ukimya wa watu wazima waliochoka kulia, mjukuu wa miaka minne alimuuliza bibi, "Babu yetu alipokufa mbona askari hawakuja? Hatukuwaambia?"

Nilisubiri kofi. Bibi alimvuta mapajani, akamjibu mbele ya wageni wote: "Tuliwaambia majirani, mjukuu wangu. Wakatosha." Watu wakacheka, wengine machozi yakiwatoka. Kwa kumbukumbu zangu, hiyo ndiyo mara ya kwanza nyumbani kwetu mtoto kujibiwa mbele ya wageni kama mtu mwenye hoja. Tangu hapo mambo yalilegea, nami nashukuru.

Leo dada yangu anaishi Bunda, upande wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti, ambako tembo huvuka usiku na kumaliza mahindi shambani. Watu hupiga madebe mpaka alfajiri. Asubuhi moja mwanawe alisimama kati ya mabua yaliyolala akauliza, "Mama, kwani tembo kwao hawapiki?" Shamba lilikuwa limekwisha, na bado walicheka. Dada akachomoa simu: "Rudia, mwanangu, sijarekodi." Mtoto akarudia, safari hii akiitazama kamera, mkono kiunoni. Akarudia tena. Mwishoni akauliza kama atapewa soda.

Video ilikaa kwenye "status" saa 24, ikafutika. Nilipomtembelea dada baadaye, ilibidi mimi nimkumbushe mtoto alisema nini.

Sitaki turudi enzi za kumkata mtoto jicho. Hapana, kusikilizwa ni haki yake, na ilichelewa sana kufika. Ninachokililia ni usimulizi. Bibi hakuwa na simu, lakini firigisi ile imeishi miaka zaidi ya 35, kwa sababu aliisimulia, nasi tukaisimulia. Wajukuu wake wa mjini hawajui Kizanaki, ila kisa wanacho.

Basi nawaomba wazazi wenzangu: mtoto akisema jambo, mjibu kwanza. Jioni msimulie baba yake, Jumapili mpigie bibi yake umsimulie. Na kama mama yako yu hai, muulize wewe ulikuwa ukisema nini ulipokuwa na miaka minne. Muulize wiki hii.