Wa Kale na wa Leo: Babe Ruth na Shohei Ohtani

Wahenga walituachia semi mbili zisizopatana. Mmoja wasema, "Ya kale dhahabu." Wa pili wasema, "Kipya kinyemi kingawa kidonda." Wazee hupenda ule wa kwanza, vijana hawautamki ule wa pili, lakini huufuata kwa matendo yao. Mimi ni mwalimu, na shauri hili hunijia kila mwaka nikaapo kutia alama. Walimu wa makamo husema ya kuwa wanafunzi wa siku hizi si kitu mbele ya wale wa zamani. Nao wanafunzi hudhani ya kuwa kabla yao hapakuwa na mtu aliyejua neno. Je, iko mizani ya haki ya kuwapima wa kale na wa leo?

Nimeitafuta mizani hiyo katika mchezo wa Wamarekani uitwao besiboli. Sababu yangu ni hii: watu wa mchezo huo wameandika hesabu zake kwa zaidi ya miaka 100, kila pigo na kila kosa, na juu ya hayo wangali wakibishana. Ubishi wao wa sasa ni huu: Je, Shohei Ohtani, Mjapani, amempita Babe Ruth?

Kwa wasioujua mchezo huu nitaueleza kwa ufupi. Timu ni mbili, za watu tisa tisa. Mtupaji hutupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu na hila nyingi. Mpigaji wa timu ya pili hushika gongo la mti na kujaribu kuupiga. Akiupiga vyema hukimbia, akapita vituo vitatu na kurudi alipoanzia, ndipo timu yake ipatapo alama. Lakini akiupiga hata ukavuka ukuta wa uwanja, huzunguka vituo vyote pasipo kuzuiwa na mtu. Hilo ndilo pigo lishangiliwalo kuliko yote, nami nitaliita pigo la kuvuka ukuta. Tena kazi ya kutupa na kazi ya kupiga ni mbalimbali, kama uashi na useremala. Katika ligi kubwa karibu kila mtu huchagua moja tu. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu, maana mwaka wa 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walisafiri mpaka Marekani kushindana na watoto wa mataifa mengine.

Babe Ruth alizaliwa mwaka wa 1895 katika mji wa Baltimore, na jina lake hasa ni George Herman. Baba yake aliuza pombe, na mtoto alikuwa mtundu, asiyeshikika. Alipokuwa na miaka saba walimpeleka katika shule ya mabruda Wakatoliki iitwayo St. Mary's, na huko Bruda Matthias, mtu wa kimo kikubwa, alimfundisha kupiga na kudaka mpira. Mwaka wa 1914 aliingia timu ya Boston kuwa mtupaji, na mwaka wa 1916 alishinda michezo 23 kwa mkono wake. Kisha ilionekana ya kuwa kwa gongo ni hodari zaidi. Mwaka wa 1918 alizifanya kazi zote mbili: alishinda michezo 13 kwa kutupa, akapiga mapigo 11 ya kuvuka ukuta, na mwaka huo hakuna aliyempita kwa mapigo. Mwaka wa 1920 alihamia timu ya New York, na tangu hapo hakutupa tena ila mara chache sana. Mwaka wa 1927 alipiga mapigo 60, na alipouacha mchezo mwaka wa 1935 alikuwa amekwisha kupiga 714. Hesabu hiyo haikupitwa mpaka mwaka wa 1974, alipoipita Hank Aaron.

Shohei Ohtani alizaliwa mwaka wa 1994 katika mji wa Oshu, kaskazini ya Japani. Alikwenda Marekani mwaka wa 2018, na wengi walimwambia ya kuwa katika ligi kubwa haiwezekani mtu mmoja kutupa na kupiga. Mkono wake ulipasuliwa na waganga mara mbili, mwaka wa 2018 na mwaka wa 2023, wala hakuiacha hata kazi moja. Mwaka wa 2022 alishinda michezo 15 kwa kutupa na kupiga mapigo 34 ya kuvuka ukuta; hata Ruth hakupata kuziunganisha hesabu kama hizo katika mwaka mmoja. Mwaka wa 2024, mkono ungali ukipona, hakutupa. Lakini alipiga mapigo 54, na mara 59 alinyakua kituo cha mbele kwa mbio na werevu. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyefikisha 50 kwa yote mawili. Tena tarehe 17 Oktoba 2025, katika mchezo mmoja, alivusha mipira mitatu juu ya ukuta, na alipokuwa akitupa aliwashinda wapigaji kumi wasiweze neno.

Sasa tuziweke hesabu mizanini. Mwaka wa 1920 Ruth alipiga mapigo 54. Mwaka wa 2024 Ohtani naye alipiga mapigo 54. Mtu asomaye haraka atasema, "Wako sawasawa." Lakini mwaka wa 1920, katika ligi ya Ruth, mtu aliyemfuata alipiga 19 tu, wala hapakuwa na timu nyingine katika ligi hiyo ambayo wachezaji wake wote pamoja walifikisha 54. Mwaka wa 2024 Aaron Judge, wa ligi ya pili, alipiga 58, akampita Ohtani. Basi 54 ya mmoja ilikuwa mlima peke yake uwandani, na 54 ya mwenzake ilikuwa kilele kimoja kati ya milima. Kwa swali hili la kwanza, yaani mtu aliinuka kiasi gani juu ya wenzake, Ruth ni mzito zaidi.

Lakini liko swali la pili: wenzake hao walikuwa nani? Siku za Ruth watu weusi walikatazwa kucheza katika ligi zile kubwa. Walikuwa na ligi zao wenyewe, na mlango haukufunguliwa mpaka tarehe 15 Aprili 1947, alipoingia Jackie Robinson katika timu ya Brooklyn. Ruth alikuwa amekwisha kustaafu miaka kumi na miwili. Josh Gibson, mpigaji wa ajabu wa ligi za watu weusi, alifariki Januari mwaka huo huo, umri wake miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya mlango kufunguliwa. Mwaka wa 2024 wakuu wa mchezo walizitia hesabu za ligi zile katika kitabu kimoja na nyingine, na ikaonekana ya kuwa Gibson, kwa wastani wa kupiga, amewapita wote waliotangulia. Alikuwa amelala kaburini miaka 77.

Hata Wajapani walikuwa nje. Mwaka wa 1934 Ruth na wenzake walizuru Japani, na huko Shizuoka kijana wa miaka 17, Eiji Sawamura, aliwashinda kwa kutupa wapigaji wanne mfululizo, na Ruth alikuwa mmoja wao. Sawamura hakucheza kamwe katika ligi kubwa za Marekani. Alikufa vitani mwaka wa 1944. Mjapani wa kwanza hakuingia ligi hizo mpaka mwaka wa 1964. Basi Ohtani hushindana na watu wa rangi zote na nchi nyingi. Ruth alishindana na wale walioruhusiwa kuingia.

Swali la tatu ni la vyombo. Ruth alisafiri kwa gari la moshi. Ohtani huruka kwa ndege, na waganga wamemrudishia mkono ambao zamani ungalikuwa mwisho wa kazi yake. Lakini watupaji wa leo nao hutupa kwa kasi kubwa, na mmoja akichoka huletwa mwingine mwenye nguvu mpya.

Hukumu yangu ni hii. Kwa kupiga peke yake nampa Ruth, maana hakuna aliyewaacha wenzake nyuma kama yeye. Kwa kuzishika kazi mbili pamoja nampa Ohtani, maana Ruth alizishika pamoja kwa miaka miwili hivi, akaiacha moja. Ohtani amezirudia tena na tena, mbele ya washindani wengi zaidi, na safari yake haijaisha. Lakini katika baraza ya wakuu naacha kiti kimoja kitupu, kwa ajili ya wale ambao hawakuruhusiwa kupimwa.

Kiti hicho ndicho kinifikirishacho zaidi, kuliko ushindi wa mmoja au mwingine. Tunaposema, "Darasa la zamani lilikuwa bora," yatupasa kuuliza, bora miongoni mwa nani? Siku zile madawati yalikuwa machache, na wasichana wengi walibaki nyumbani wakitwanga na kuteka maji, wala hakuna ajuaye ni yupi kati yao angalishika nafasi ya kwanza. Wale waliosoma walistahili sifa, wala simnyang'anyi mtu sifa yake. Ila mtoto wa leo ashikaye nafasi ya kumi kati ya wanafunzi sitini asidharauliwe mbele ya yule aliyeshika ya kwanza kati ya kumi na wawili. Nami nitiapo alama nitamwuliza kila mmoja mambo yale matatu: umeshindana na nani, kwa vyombo gani, na ni nani aliyeachwa nje ya mlango?