Ganda la risasi na mguu wa baba mdogo

Najua nimepotea, UE zilinibana mpaka basi. Leo sina habari za bumu. Nataka kumwandika baba mdogo wangu wa Nangurukuru, ingawa mwenyewe blogu haijui.

Mwaka 2011 alikuwa mfuata nyayo kwenye kambi ya wawindaji Selous, upande wa Liwale. Mgeni mmoja akavunja kitako cha bunduki yake ya .375, akaazimwa ya kambi, kipimo kilekile. Risasi akabaki na zake, alizojaza mwenyewe huko kwao. Wakakutana na nyati. Risasi ya kwanza iliingia kwa kusukumwa, ikamjeruhi tu. Ya pili, bolti ikagoma kufunga. Nyati akaja. Baba mdogo mpaka leo anachechemea, na kazi wakamfukuza, eti yeye ndiye aliyebeba risasi zikaingia mchanga.

Basi juzi tuko karakana, mwalimu anafundisha jinsi shaba ya njano inavyotanuka. Akatoa mfano wa ganda la risasi. Ukifyatua, linavimba mpaka linajaa chemba ya bunduki ile, halafu linarudi kidogo tu. Anayelijaza upya hulisukuma ndani ya dai. Kuna dai linalobana ganda zima, na kuna linalobana shingo peke yake, ili ishike kichwa kipya. Hilo la shingo haliichoshi shaba haraka, na ganda linaikaa chemba yake vizuri sana. Wapiga shabaha wengi wanalipenda. Tatizo, chemba ya bunduki nyingine ya kipimo hichohicho inaweza kuwa nyembamba kwa unywele tu, na unywele unatosha. Ndiyo maana wanaowinda nyati hushauriwa kubana ganda zima, na kuijaribu kila risasi kwenye bunduki kabla ya kutoka kambini.

Duh! Nilibaki nimeshika kalamu tu. Dai la yule mgeni sikuliona, lakini hadithi yote imekaa hivyohivyo.

Jioni nikampigia. Shikamoo, marahaba, nikamweleza polepole. Akanyamaza, nasikia bodaboda tu zinapita njia panda.

“Kwa hiyo haukuwa mchanga?”

“Nadhani haukuwa, baba.”

“Nilizifuta moja moja asubuhi ile,” akasema. “Kwa shati langu.”