Neno la Kukopa na Neno la Nyumbani

Katika mchezo wa maneno uitwao Scrabble, kila mchezaji hushika vipande 7 vya herufi na kuvipanga ubaoni vipate kuwa neno. Hapa Ushetu, wilayani Kahama, huucheza na wanafunzi wangu ili wazoee Kiingereza. Linalowastaajabisha ni kwamba baadhi ya maneno yafaayo humo ni yetu. Mtu aliyeelemewa na herufi U tatu hana haja ya kukata tamaa: huweka “uhuru”, na kamusi za mchezo hulikubali. “Bwana” humpa alama 10 kabla ya nyongeza za ubao, na “safari” alama 9. “Mbira”, jina la ala ya muziki ya Washona wa Zimbabwe, lina alama 9 vilevile.

Hata hivyo, “safari” na “uhuru” yana asili ya Kiarabu. Kiswahili kiliyapokea, kikayavika sauti na viambishi vyake, kisha kikayakopesha kwingine. Kukopa, basi, si umaskini wa lugha.

Ndivyo ilivyo pia humu nchini. Ikulu ilikuwa makazi ya watemi wa Unyamwezi na Usukuma. Mamlaka ya watemi yaliondolewa mwaka 1963, lakini neno lao limebaki kuwa jina la makao ya Rais. “Kung’atuka” lilitoka katika Kizanaki, likaenea Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985.

Lakini wanafunzi wangu huyaonea haya maneno ya mama zao. Mmoja aliandika katika insha, “viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani”, baada ya kulifuta neno “matobolwa”. Nilipomwuliza sababu, alijibu, “Mwalimu, hicho ni kilugha.” Maneno 7 yalibebeshwa mzigo wa neno moja, ambalo kila nyumba hapa hulitofautisha na “michembe”, yaani viazi vilivyoanikwa vikiwa vibichi.

Kamusi haipokei neno lisiloandikwa. “Bwana” na “safari” yaliingia katika Kiingereza kwa kuwa watu waliyaandika vitabuni bila kuomba radhi. Kwa hiyo yafaa sisi walimu tusilipigie “matobolwa” mstari mwekundu. Tumtake mwanafunzi aliandike, aeleze maana yake mara moja, kisha aendelee kulitumia.