Mtazame Siku za Ukame

Mjomba,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti kuhusu yule mshambuliaji anayewagawa jukwaani pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora: wiki mbili tatu anatupia kila akigusa mpira, kisha mwezi mzima hacheki na nyavu. Wewe unasema aachwe, mshahara anaulia nini. Mimi namtetea, na hoja yangu nimeipata huku Philadelphia, kwenye besiboli.

Nikueleze kwa kifupi. Mrushaji anavurumisha mpira, mpigaji anausubiri na rungu la mbao. Akiupiga ukavuka uzio, hiyo ni homurani, na anazunguka vituo vyote kwa raha zake. Akiukosa mara tatu, anatoka. Lakini mrushaji akitupa mipira minne mibovu na mpigaji akaiacha ipite, mpigaji anakwenda kituo cha kwanza bure. Shika hapo kwenye njia ya bure, maana ndipo kesi yetu ilipo.

Hapa tuna mtu anaitwa Kyle Schwarber. Juni 2021, akiwa Washington Nationals, alipiga homurani 16 katika mechi 18. Mwaka 2023, akiwa na Phillies wa hapa, mapigo yake yalimfikisha kituoni chini ya mara 20 katika kila majaribio 100, na alitolewa kwa kukosa mara 215. Ukisoma hapo tu, unamfukuza usiku huohuo. Ila msimu uleule alipiga homurani 47 na kupata njia ya bure mara 126. Ukijumlisha yote, alifika kituoni mara 34 katika kila zamu 100.

Nimemtazama kutoka jukwaa la juu akiwa kwenye ukame. Mpira unakuja chini, karibu na kifundo cha mguu. Mabega yameshaanza kugeuka, wenye hasira pembeni yangu wameshasimama, halafu mikono inakataa. Rungu linabaki nyuma ya bega. Mpira wa nne mbovu. Analiweka rungu chini na kuondoka taratibu kwenda kituo cha kwanza. Hakuna anayeshangilia. Anayemfuata akipiga vizuri, Schwarber ndiye anayeingia na alama, na kesho yake watu watasema alikuwa hovyo.

Huo ukame wenyewe, mjomba, mara nyingi hauna mchawi. Chukua mpigaji anayefanikiwa mara 24 katika 100. Uwezekano wa kukosa mara 10 mfululizo, kwa hesabu tu, ni kama 6 katika 100. Msimu una mechi 162, naye anajaribu mara 500 au 600. Lazima vipindi hivyo vimkute, tena si kimoja, hata kama hajabadilika chochote. Sisi tunaotazama ndio tunaotafuta sababu: mara kanenepa, mara karogwa, mara ameshalewa sifa.

Sisemi kila ukame ni wa kuvumiliwa. Chris Davis wa Baltimore Orioles alipiga homurani 53 mwaka 2013. Mwaka 2016 akapewa mkataba wa miaka 7 kwa dola milioni 161, na mwaka huo alipata njia ya bure mara 88. Mwaka 2018 zikawa 41. Jicho lilikuwa limeondoka. Kisha, kati ya Septemba 2018 na Aprili 2019, alijaribu mara 54 bila pigo hata moja la kumfikisha kituoni. Mwaka 2021 akastaafu. Huyo hakuwa na kipindi kibaya. Alikuwa amekwisha, na dalili zilionekana katika yale mambo madogo yasiyopigiwa makofi.

Wazee wetu wa Unyamwezi waliochukua mizigo ya pembe kwenda Bagamoyo walipatana ujira wa safari, na safari ile ilikula miezi. Mpagazi hakupimwa kwa siku moja aliyochechemea pale Ugogo. Alipimwa kama mzigo ulifika pwani. Msimu nao upime hivyohivyo.

Na kuna hili ambalo nalitilia uzito kuliko wengi. Homurani 16 katika mechi 18 zina faida, kwa sababu zimegawanyika. Zikirundikana siku moja, nyingine zinamwagika. Agosti 28, 2025 Schwarber alipiga 4 katika mechi moja dhidi ya Atlanta Braves, na Phillies wakashinda 19-4. Wangeshinda hata bila yake. Unamkumbuka Saido Ntibazonkiza, Juni 2023, Simba wakiifunga Polisi Tanzania 6-1? Alitupia 5 peke yake, akamaliza msimu na mabao 17 sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Pointi zilikuwa 3 zilezile. Kwa hiyo mabao ya kijana wenu yahesabu kwa mechi alizozibadilisha, usihesabu jumla peke yake.

Mbona timu yenyewe mliisamehe? Novemba 2024 Tabora United iliwafunga Yanga 3-1 kule Chamazi, mji haukulala. Aprili iliyofuata Yanga wakaja huko nyumbani Tabora wakashinda 3-0. Sikukusikia ukisema timu ivunjwe.

Phillies wameshaamua juu ya mtu wao: Desemba 2025 walimpa miaka 5 mingine kwa dola milioni 150. Wewe mechi ijayo usimtazame kijana wakati wa kufunga. Tazama kama bado anawavuta mabeki wawili, kama anapokea mpira akiwa amewapa mgongo na kuushusha kwa kiungo, kama anawahi pasi ya dakika ya 80. Akiacha hayo, nitakuunga mkono aondoke. Niambie ulichokiona.

Mpwa wako,
Philadelphia