Tuupokee Mwaka Mpya kwa Mioyo Safi

Kila tarehe 31 Desemba sisi tufanyao kazi ya ukarani mijini hurudi nyumbani kwa wazee wetu. Kabla ya chakula, mwenye deni hulipa au husema mbele ya wote atalipa lini, na waliokosana hupeana mikono. Ndipo twala, kisha twaenda kanisani kukesha. Injili ya Mathayo, mlango wa 5, yaamuru kupatana na ndugu kwanza, sadaka baadaye. Mwaka huu kaka yangu na jirani yetu, waliogombania mpaka wa shamba, waliketi benchi moja. Mpaka haujapimwa bado, lakini wameanza kuamkiana. Ndugu wasomaji, kengele ya saa sita usiku haiondoi kinyongo. Tukiondoe wenyewe kabla haijalia.