Babu, ripoti ya shule na treni isiyosubiri hadithi

Treni ilikuwa iondoke asubuhi. Babu alifika stesheni saa tatu kabla, akiwa na wajukuu wawili wenye usingizi, kapu la chakula, chupa ya chai na shuka.

"Shuka la nini?" bibi alikuwa amemuuliza nyumbani.

"Safari ni safari," alijibu.

Kwa hesabu za mzee huyu, mwalimu mstaafu, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni usiku mzima. Utotoni mwake gari moshi liliondoka jioni, na Dodoma ilikuwa habari ya kesho, Mungu akipenda. Alikuwa amesikia kwamba treni za umeme, zilizoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, hufika kilomita 160 kwa saa na humaliza safari kwa takriban saa nne. Kusikia alisikia. Kuamini ndiko kulikomshinda. Ndiyo maana kapuni mlikuwa na maandazi 20, mayai 12 ya kuchemsha na kuku mzima.

"Babu, tunahama?" aliuliza mjukuu wa kiume, mwenye miaka saba.

Dada yake, mwenye miaka 11, hakucheka. Ndani ya begi lake, chini kabisa, chini ya viatu, mlikuwa na ripoti ya shule. Darasa la tano, muhula wa kwanza, nafasi ya 41 kati ya wanafunzi 46.

Mama yao ni mtumishi wa umma. Serikali ilipohamia Dodoma, naye alihama na ofisi yake, watoto wakabaki Dar kwa babu na bibi wasikatishe masomo. Kila likizo hupelekwa kwa mama kama mzigo wenye stakabadhi: watoto wawili, ripoti mbili.

Tatizo ni kwamba familia hiyo ina hadithi yake. Hadithi inasema babu hakuwahi kufeli mtihani, tangu azaliwe. Mama yao alilelewa kwa hadithi hiyo kama wengine wanavyolelewa kwa uji. Alipoleta nafasi ya nne, aliulizwa kama wale watatu waliomtangulia wana vichwa viwili. Sasa yeye naye huwaambia wanawe: "Mngekuwa kama babu yenu!"

Madirisha yasiyofunguka

Treni iliondoka kwa dakika ileile iliyoandikwa. Babu alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Pugu ikapita, Soga ikapita, Ruvu ikapita. Hakukuwa na mlio wa "taka-taka, taka-taka" uliomlaza utotoni. Mlio ule ulitoka kwenye maungio ya reli za zamani, na reli hizi mpya zimechomelewa zikawa kitu kimoja. Madirisha nayo hayafunguki. Zamani dirisha la behewa ndilo lililokuwa duka. Unanyoosha mkono na sarafu, unarudi na ndizi, miwa au kuku wa kuchoma, na pengine unarudi mikono mitupu kwa sababu treni imeondoka na chenji yako imebaki nyuma.

"Babu, bado sana?" aliuliza binti.

Babu ameshasafiri na watoto wengi, na swali hilo huulizwa na mtoto anayetaka kufika. Huyu aliuliza akitaka kujua amebakiwa na muda gani.

Kwa mzazi anayefikiria safari kama hii, nauli ya mtu mzima iliyotangazwa 2024 kwa treni ya kawaida hadi Dodoma ilikuwa Sh31,000, na watoto wa miaka 4 hadi 12 walipangiwa nusu. Viti vina namba, na mtoto akikaa dirishani ataiona milima ya Uluguru mnapoikaribia Morogoro. Babu aliionyesha milima hiyo kwa fahari, kana kwamba aliipandisha yeye.

Wajerumani walianza kujenga reli ya zamani hapo Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Baba yake babu alikuwa mtu wa gengi, yaani mmoja wa wafanyakazi waliokaa kando ya njia na kuitunza. Kila asubuhi alitembea juu ya mataruma na spana begani, akigonga na kukaza boliti. Nyumba za gengi lake zilikuwa mbele ya Kilosa, karibu na mto Mkondoa, na hapo ndipo babu alipokulia.

Kilosa ilipopita, babu alisimama. Sehemu hii ndiyo hasa iliyomtoa nyumbani.

"Sasa tazameni upande huu," alisema, kidole kikiwa kwenye kioo. "Msipepese macho. Mtaona nyumba ya babu yenu. Inakuja. Inakuja..."

Treni ikaingia kwenye handaki.

Kioo kikawa cheusi. Badala ya nyumba za gengi, walijiona wenyewe, nyuso tatu na kidole kimoja. Mafuriko ya Mkondoa yaliikata reli ya zamani mara nyingi, na njia mpya imetobolewa milimani. Walipotoka upande wa pili, yalipita machaka na vilima, kisha giza tena.

"Nyumba yako ilikuwa ndani ya mlima?" aliuliza mdogo.

Babu aliketi. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema taratibu, "Ilikuwa kule kando ya mto. Ndiyo niliyoikimbia nilipofeli darasa la nne."

Binti aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu Pugu. "Nani alifeli?"

"Mimi. Mwaka 1968."

"Mama anasema ulikuwa wa kwanza."

"Nilikuwa wa kwanza mwaka uliofuata. Nilirudia darasa. Mtihani ukiufanya mara mbili, hata jogoo anaweza kukaribia."

Wakati ule mtihani wa darasa la nne ulikuwa chujio, na wengi masomo yao yaliishia hapo. Majina yaliposomwa na lake halikutajwa, aliogopa kurudi nyumbani. Alidandia treni ya mizigo iliyokuwa ikipanda taratibu, akajificha kati ya magunia. Gulwe akakamatwa na mlinzi, njaa ikiwa imeshamkamata kabla. Simu ikapigwa stesheni kwa stesheni: mtoto wa gengi yuko huku.

"Ulichapwa?" aliuliza binti.

"Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nimevaa kaptula mbili. Baba hakunichapa. Alinipa spana, nikatembea naye njia nzima kwa wiki moja. Siku ya saba nilimwomba mwenyewe anirudishe shule."

"Alisema nini?"

"Alisema spana irudishwe stoo."

Walipokuwa wakimaliza kucheka, Gulwe ilikuwa imeshapita.

Dodoma

Mama yao alikuwa akisubiri stesheni. "Shikamoo, baba. Shuka la nini?"

"Marahaba. Tukae kwanza, kuna mayai."

Mayai yalikuwa yamebaki tisa. Babu alimenya moja, akampa binti yake, akamweleza yote, na mambo ya kaptula hakuyaficha. Mama alishika lile yai bila kulila.

"Miaka yote hiyo, baba," alisema mwishowe. "Ile nafasi ya nne nililia usiku kucha."

Babu alitazama chini, akaanza kuokota maganda ya yai. "Ile nafasi ya nne ilikuwa nzuri, mwanangu. Nilipaswa kukwambia siku ileile."

Hakuna aliyesema neno. Mjukuu mkubwa akafungua begi, akatoa viatu, akatoa ripoti, akampa mama yake mkononi bila kuombwa.

Mama alisoma mstari kwa mstari. Akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba.

"Hesabu tunaanza kesho asubuhi, wewe na mimi," alimwambia. Halafu akalila yai lake, akamgeukia baba yake. "Na wewe pia utakuwepo. Kumbe una uzoefu wa kurudia."