Ndizi Niliyoingoja

Mamangu ana desturi ya kuuliza swali moja tu, kisha akanyamaza na kuendelea kukanda unga wake wa mahamri. Siku hiyo aliuliza, "Mwanangu, hiyo ndizi yenyewe iko wapi?"

Binti yangu alikuwa na wiki kumi na mbili. Sindano yake ya wiki ya sita ilimletea homa, akalia usiku kucha, nami nikalia naye. Ilipofika ya wiki ya kumi sikwenda. Nilijipa udhuru wa mvua, halafu wa wageni. Nami ni mwalimu wa biolojia, ambaye huwafunza watoto wa watu habari za kinga ya mwili bila ya kufungua kitabu. Tena ni dada wa marehemu aliyefariki na umri wa miaka thelathini na tisa, macho yamegeuka manjano kwa homa ya ini aina ya B, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika mtaa mzima, waliopaswa kuikimbilia chanjo hiyo ni sisi.

Mama aliponisaili, nilijitetea kwa elimu. Nilimwambia kuwa wako wataalamu wanaotia chanjo ndani ya ndizi, na kwamba si muda watoto watachanjwa kwa kulishwa. Ndipo akaniuliza iko wapi. Usiku ule niliketi kuitafuta.

Habari hiyo ina asili ya kweli, na mwanzo wake ni mtamu. Charles Arntzen, mtaalamu Mmarekani wa biolojia ya molekuli za mimea, husimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Bangkok, akamwona mama sokoni akimtuliza mtoto wake kwa kipande cha ndizi. Akawaza: je, ndizi hiyo ingekuwa na chanjo ndani yake?

Virusi vya homa ya ini B vimevaa ganda la protini. Ganda peke yake haliambukizi, lakini mwili ukilionyeshwa huwahi kutengeneza kingamwili kabla adui hajafika. Arntzen na wenzake walichukua jeni inayoagiza ganda hilo wakaipandikiza katika tumbaku, na mwaka wa 1992 wakatangaza kwamba mmea umeitii. Baadaye wakahamia viazi. Mwaka wa 1998 ikatangazwa kwamba watu kumi na mmoja walikula viazi vibichi vyenye protini ya bakteria wa kuhara, na kumi kati yao kingamwili zao zikapanda. Mwaka wa 2005, Yasmin Thanavala, mtaalamu wa kinga ya mwili, na wenzake wakaonyesha kuwa viazi vya homa ya ini B viliamsha kingamwili kwa zaidi ya nusu ya waliovila mara tatu. Hata hivyo, hao walikuwa wameshachanjwa kwa sindano zamani.

Hapo nilisita kusoma. Viazi vibichi! Ukivipika, moto huiharibu protini. Tena tunda moja huweza kubeba protini nyingi na jenziwe kidogo, na hakuna muuguzi awezaye kusema mtoto amepata kipimo gani, hasa yule aliyetema nusu. Lililonigusa zaidi ni jambo ninalolifunza mwenyewe: utumbo umezoeshwa usipigane na chakula. Mtoto akilishwa protini ile ovyo ovyo, huenda mwili ukaihesabu kuwa ni riziki tu, ukaacha kujihami nayo.

Kazi yao haikupotea. Mwaka wa 2014 Wamarekani wawili walioambukizwa Ebola nchini Liberia walipewa kingamwili zilizokuzwa katika majani ya jamii ya tumbaku, wakapona, ingawa haiwezi kusemwa kwa yakini kuwa dawa hiyo ndiyo iliyowaponya. Lakini majani hayo hayakutafunwa. Yalisagwa, yakachujwa, yakapimwa, na dawa ikaingia kwa mshipa.

Asubuhi nilimwambia mama kwamba ndizi haipo. Nikamwambia pia kuwa ganda lile lile la virusi lilitengenezwa kwa hamira, jamii ya hii anayochachushia mahamri, na kwamba tangu mwaka wa 1986 chanjo ya namna hiyo imekuwa ikitumika. Akautazama unga wake kwa muda, akasema, "Basi vaa buibui twende."

Muuguzi hakunikemea; aliandika tarehe katika kadi, akachoma. Mtoto alilia usiku ule, na baada ya ile ya tatu akalia tena. Alipotimiza miezi tisa tulirudi kwa chanjo ya surua. Sindano ilipotoka tu, mama akatia mkono mkobani, akatoa ndizi kisukari, akaimenya na kumpondea mjukuu wake kidogo kidogo kwa kidole, papo hapo kwenye benchi, mpaka kilio kikakatika.